Arvil Stidham Aliyekataa Kutoa Jina Lake

Huku milimani, Kentucky ya mashariki, Marekani, mtu hujulikana kwa gari lake. Ukiliegesha mahali asubuhi, kufika jioni bonde zima limejua ulikwenda kwa nani. Ndiyo maana Arvil Stidham aliliacha pikapu lake nyuma ya duka la mbegu, yeye na mkewe Oma wakaenda kwa miguu hadi maktaba, ambako watu walikuwa wakiandikishwa bima ya afya ya serikali.

Tangu mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa na kumwacha bila kazi, Arvil alikuwa ameilaani bima hiyo kanisani, kwa kinyozi, hata msibani. Alisema ni chambo: leo wanakupa daktari, kesho wanakuchagulia siku ya kufa. Lakini Oma alikuwa ametokwa na uvimbe kwapani, na hospitali ilitaka bima kwanza.

Mwandikishaji alikuwa msichana aitwaye Tessa. Arvil alimuuliza kwanza ni binti wa nani. Alipotajiwa ukoo wa Caudill, watu wa bonde hilo hilo, ndipo akaketi, ila koti hakuvua. Kila swali aliligeuzageuza akitafuta hila. Lilipofika la kama anavuta tumbaku, alimkazia Tessa macho.

"Nani anataka kujua? Wewe au Washington?"

"Mjomba, ni kompyuta tu inauliza."

"Na kompyuta inamwambia nani?"

Arvil akasogeza kiti nyuma.

"Andika Oma peke yake. Mimi jina langu silitoi."

Simlaumu mtu kuishuku serikali. Hapa kwetu imeahidi mengi, ikaondoka makaa yalipokwisha. Lakini kumtanguliza mkeo mahali unapopaita mtego, nawe ubaki nje ukijisifu kwa msimamo, huo si msimamo. Ni woga.

Oma hakubishana. Alisimama taratibu, mkono mmoja ameubana ubavuni kama alivyozoea siku hizo.

"Kama ni mtego, Arvil, mbona unanisukuma mimi? Futa jina langu, mwanangu. Tunarudi nyumbani."

Arvil aliutazama ule mkono. Alijua wakirudi nyumbani, Oma hatakuja tena. Akamtajia Tessa tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa, ili naye aandikwe, kwa sauti ya chini mno.

"Sijakusikia, mjomba."

Akairudia kwa sauti kubwa. Safari hii watu wote waliokuwa kwenye foleni waligeuka kumtazama, na Oma akaketi.