Lenzi ya Kuvuta na Mbega Mweupe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa balbu nilinde. Ilikuwa balbu ya kawaida kabisa, iliyowaka mchana na usiku ndani ya kabati la mbao, kwenye stoo ya kampuni moja ndogo ya utalii pale Moshi mjini. Humo kabatini ndimo zilimokaa lenzi za kamera. Mkuu wa Stoo, mzee wa Kibosho aliyevaa koti hata jua linapochoma, alinieleza kwamba lenzi ikirudi kutoka msituni huwa imejaa unyevu, na usipoikausha kwa joto kidogo inaota ukungu ndani ya kioo kama mkate uliosahaulika.

"Balbu ikizimika, binti, na wewe umezimika hapa," aliniambia.

Basi nikaichunga balbu ile kama ng'ombe wa watu. Nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Marangu asubuhi hiyo na viatu vya kuazima, nikitegemea kwamba kazi ya utalii ni kupanda mlima na kupigwa picha. Kumbe inaanzia kwenye kabati.

Ninyi vijana mnaopiga picha kwa simu huenda hamjui mateso ya kuchagua lenzi. Wageni waliokuja kukodi vifaa walikuwa na swali moja tu: "Inavuta?" Lenzi ya kuvuta ndiyo ile ndefu, inayomleta karibu mnyama aliye mbali. Urefu wake huhesabiwa kwa milimita, na watu wakisikia milimita nyingi macho yanawatoka. Mia mbili wanaidharau, mia tatu wanaishika, mia sita wanaikumbatia.

Mkuu wa Stoo swali hilo lilimchefua. Siku moja aliniita dirishani na lenzi mbili. Akanionyesha ndani ya kila moja lile tundu linalofunguka na kujifunga kama mboni ya paka. "Hii ndefu inavuta, sikatai. Lakini angalia tundu lake, dogo. Hii fupi tundu lake pana, inakunywa mwanga kama mzee kwenye kata ya pombe ya mbege. Sasa kule msituni juu kuna nini?"

"Giza, shikamoo," nilijibu, kwa woga nikachanganya jibu na salamu.

"Marahaba. Giza la mchana. Miti imefunga, ukungu umeshuka, mvua inanyunya. Tundu dogo linakulazimisha uache kamera ikodoe macho muda mrefu, na wewe unatetemeka kwa baridi. Unapata picha ya uji. Haya, mnyama akiwa mbali, kabla hujavuta unafanya nini?"

Nikanyoosha mkono kwenye ile ndefu.

"Sogea! Mungu alikupa miguu kabla mzungu hajakupa lenzi."

Neno hilo, sogea, nimeishi nalo maisha yangu yote ya kazi. Msije mkalielewa vibaya. Hakumaanisha kumkimbiza mnyama, maana ukimfuata mbega anakuonyesha mkia na kwaheri. Alimaanisha ujue mti gani una majani machanga, ukakae chini yake umetulia, umwache yeye ndiye asogee. Hata hivyo unakuwa umesogea, kwa sababu umeacha uvivu wa kusimama njiani na kuvuta.

Baadaye nilipandishwa nikawa msaidizi wa msafara, chini ya Meneja wa Safari. Huyu alikuwa mtu mkarimu, mwenye sauti ya kanisani, na aliyependa vitu vikubwa. Mgeni akifika anampa lenzi kubwa kuliko zote, ile nyeupe tuliyoiita bunduki. Ndivyo alivyompa bwana mmoja kutoka Dar, mcheshi sana, tuliyempeleka ukingoni mwa msitu, pale mfongo, mfereji wetu wa asili, unapochepuka kutoka mtoni kuleta maji vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba. Tulikaa, tukanyamaza, na mbega wakashuka. Walishuka mno. Dume moja lilikaa kwenye tawi karibu kabisa, likatafuna majani na kututazama kama mjumbe wa nyumba kumi.

Sasa, lenzi kubwa namna ile ina tabia ya wenye macho ya uzee: cha karibu haikioni. Lazima urudi nyuma ndipo picha itulie. Yule bwana akarudi hatua, akatazama, akarudi tena, jicho limeganda kwenye kamera. Nikamwambia, "Mzee, mfongo!" Akasema, "Ndiyo, namwona!" na akaingia majini chali, mikono miwili ameinua lenzi juu kama anabatizwa nayo. Alicheka yeye kwanza. Meneja alipopata habari aliniuliza kwa huzuni, "Lakini lenzi haikulowa?"

Toka hapo aliniachia mimi kuchagua. Nikawa mwongozaji wa wapiga picha, na kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nilipenda kumtazama mgeni kabla ya kumtafutia lenzi. Mwenye pumzi fupi nilimnyima chuma kizito hata akinuna. Anayetaka ndege wa juu kabisa, kama shorobo mwenye mabawa mekundu, nilimpa ndefu pamoja na mguu mmoja wa chuma wa kuiegemeza, kwa kuwa mikono haitoshi. Waliobaki wote niliwapa fupi yenye tundu pana, wakanung'unika asubuhi, wakanishukuru jioni.

Sasa nije kwa mume wangu, Baba Aika. Miaka yote hiyo mimi nikiwa porini yeye ndiye aliyekata majani ya ng'ombe, akakamua, akawapikia watoto mtori. Majirani walimtania, naye akiwajibu kwamba mke wake analipwa kutazama nyani na wa kwao wanatazama bure. Ila jambo moja tulilibishania tangu tuoane. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe wote, mweupe kama pamba, na baada ya miezi michache ndipo hupata rangi nyeusi ya mama yake. Baba Aika hakukubali.

"Mama Aika, kunguru hazai njiwa."

Picha za wageni zilikwenda na wageni. Mtoto wetu Aika alipomwonyesha kwenye simu, alisema simu inaweza kusema chochote. Nikamwambia twende msitu wa Rau, kule tambarare, mbega wapo tele. Akasema wa Rau ni wa Rau, yeye anataka hawa wa juu ya kihamba chetu, wanaonguruma alfajiri akiwa anakamua, aliowasikia tangu utotoni bila kupata nafasi ya kupanda kuwaona vizuri. Kila mwaka tulisema mwaka ujao. Kisha magoti yake yakaanza kugoma. Daktari pale hospitali ya Mawenzi alimwambia waziwazi kwamba asahau kupanda mlima, na kama kuna mahali anataka kufika afike sasa hivi. Siku hiyo niliumia moyo. Niliwapandisha watu wa dunia nzima, na wangu mwenyewe nilimwacha zizini.

Nilipostaafu, Meneja aliniuliza nataka zawadi gani. Nikaomba kuazima kamera na lenzi moja kwa siku moja. Akafungua kabati, balbu bado inawaka, akaitoa bunduki nyeupe mwenyewe. "Chukua hii mama, umeistahili."

Niliishika. Nawaambia ukweli, niliitamani. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nachagua lenzi ya kwangu. Kisha nikakumbuka kwamba ile hubebwa kwa mikono miwili, na mimi mkono mmoja nina wa kumshika mtu. Nikairudisha, nikachukua ile fupi ya mia mbili.

Tulipanda polepole, Baba Aika na fimbo upande mmoja na mimi upande wa pili, mpaka kwenye mti niliokuwa nimeupeleleza wiki ile. Tukakaa. Ukungu ukaja ukafunika kila kitu. Tukasikia matawi yakivunjika juu lakini hatukuona hata mkia. Goti lake lilivimba, akalikanda kimyakimya, na mwishowe akasema, "Turudi. Ng'ombe hawajala. Nimekuamini, yaishe."

"Hujaniamini."

"Sijakuamini, lakini yaishe."

Nikamwinua. Alikuwa amesimama, uzito wote begani kwangu, ukungu ulipofunguka kidogo. Mbega jike alikaa kwenye uma wa tawi, joho lake jeusi na jeupe likining'inia, na kifuani kwake palikuwa na kitoto cheupe pee, uso wa waridi, kimemshika manyoya.

 Nilihisi mkono wa Baba Aika ukinibana. Kisha akanong'ona, "Kumbe muda wote huu ulikuwa unaniambia ukweli tu."

Niliinua kamera kwa mkono mmoja. Kwenye kioo walionekana wadogo, wamezungukwa na mti mzima. Miguu yangu ikataka kwenda, kwa mazoea. Lakini ningesogea, angeanguka. Nikapiga hapohapo nilipokuwa.

Picha tuliisafisha mjini na sasa ipo ukutani sebuleni. Baba Aika hapandi tena hata mpaka barabarani. Kiti chake tumekiweka chini ya picha, na ameridhika, nami nimeridhika, majani ya ng'ombe sasa nakata mimi. Wageni wakija, wakishaamkia, hutazama ukutani na kusema wanaona majani na ukungu tu, mnyama yuko wapi? Mimi huenda kuwaletea chai. Najua nani atajibu.

"Sogea," Baba Aika huwaambia, akijibana kitini kuwapisha. "Sogea hapa karibu."