Jembe mu shamba ya Mulumba

Batu ya kisiwa Chisenga banasema Clotilde alipoteza akili. Uongo. Miye Clémentine nilikaa jirani yake, na mutu mwenye kusema vile akuje anisemee usoni.

Alikuwa muke wa kubishana, mwenye kuuzisha chisense, ile samaki ndogo ya kukausha. Bwana yake Mulumba alizama mu ziwa mwaka 1974, na mwili haikuonekana. Pale kisiwani tulikuwa na desturi: shamba ya mufu hailimwe mpaka miaka tatu, maana angali anatembea mule, anaaga. Udongo ilipumuzika vile. Lakini samaki ikaita batu, toka Kashikishi, toka Puta, toka ngambo ya Kongo, mpaka mashamba ikachoka na muhogo yetu ikakuwa nyembamba sawa vidole. Kila mutu alitamani ile shamba yenye kulala. Clotilde alikataa.

Mwaka wa pili, asubuhi mbele ya jua kutoka, akasikia jembe inalima kule mu shamba. Akakuja kwangu, uso unawaka: "Dada, Mulumba amerudia." Akaanza kumupikia bukari, ile ugali ya muhogo, na samaki, anaweka pa mupaka wa shamba. Kila mara alikuta sahani tupu. Nilimucheka sana. Kisha nikasikia lile jembe na masikio yangu, nikaacha kucheka.

Asubuhi moja roho ilimushinda, akaniita tuende kumuona. Katikati ya majani marefu tulikuta matuta ya muhogo, na Ennie, muke wa muvuvi moja wa Puta, mutoto mugongoni, sahani pa miguu.

Ennie akapiga magoti. "Mama, unisamehe. Maziwa yangu ilikauka, na kwetu hatuna hata tuta moja."

Mwenye njaa hana mwiko, najua, lakini nilitaka kumupiga. Clotilde alilia kuliko siku ya kilio. Kwake, Mulumba alikufa asubuhi ile.

Nikamuvuta Clotilde mukono. "Ukimuachia huyu, kesho bataingia bote. Kisiwa haitapumuzika tena."

"Najua," akasema. Akaangalia ule mutoto, shingo nyembamba, macho makubwa. Akapangusa uso, akamugeukia Ennie.

"Limaka, nakuachia. Lakini ukuje mbele ya jua, na usinisalimie. Usikohoe, usiimbie mutoto. Nitaendelea kuweka chakula ya Mulumba."