Fimbo ya Marehemu na Sanduku la Darmi

Siku ya kwanza Sadik kuingia kibandani kwa Darmi, fundi wa masanduku ya bati hapo Garsen, fundi hakuinua hata kichwa. Sadik alikuwa dalali. Riziki yake ilikaa kati ya anayetaka kitu na anayekitengeneza.

"Sanduku, dada. Urefu sentimita mia na ishirini, upana arobaini, kimo thelathini."

"La kutia nini?"

"Wewe piga bati. Wateja niachie mimi."

Fundi akimjua mteja, dalali hana kazi. Kwa hiyo hakusema kwamba sanduku ni la Mama Kaltuma, mjane wa Kiorma, aliyetaka kuhifadhi fimbo ya kuchungia ng'ombe ya marehemu mumewe, ili mto Tana ukifurika aipakie mtumbwini ikiwa kavu. Alimwachia Sadik fimbo hiyo na sharti moja: irudi nzima. Sadik akaipima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, kama apimavyo kamba za mnadani.

Sanduku lilipokuja, fimbo ilikataa kuingia. Akailaza mshazari chini ndani ya sanduku, kona kwa kona; ikazidi kwa upana wa kidole. Kaltuma alikuwa anakuja kesho yake. Kumrudia Darmi ni kukiri kwamba alipima ovyo. Akachukua msumeno, akakata vidole viwili upande wa chini, akapaka samli palipokatwa.

Asubuhi komeo la sanduku likalegea, ikambidi aende kwa Darmi hata hivyo. Darmi akafungua kifuniko, akapapasa ncha ya fimbo.

"Umeikata?"

"Haikuingia."

"Kipande kiko wapi?"

Sadik akakitoa mfukoni. Darmi akakiunganisha na fimbo, akavuta futi ya kupimia: sentimita mia na ishirini na nane. Akachukua chaki.

"Tazama ubavu huu mdogo. Thelathini kwenda juu, arobaini upana, kona ni skwea, nyuzi tisini. Thelathini mara thelathini ni mia tisa, arobaini mara arobaini ni elfu moja mia sita; jumla elfu mbili mia tano. Kipeuo chake hamsini. Huo ndio mshazari wa ubavu." Akauchora. "Sasa huo hamsini na urefu wa mia na ishirini vinakutana kwa skwea vilevile. Elfu mbili mia tano, ongeza elfu kumi na nne mia nne. Kipeuo, mia na thelathini. Ungeanzia kona ya chini huku, ukaiinua hadi kona ya juu kule, ingeingia."

"Ni fimbo ya marehemu," akasema Sadik, macho kwenye chaki.

"Umezoea kupunguza kila kitu, bwana. Leo umepunguza hata cha marehemu."

Masikio yalimwaka. Komeo lilipokazwa, akabeba sanduku na vipande vyote viwili, akaenda.

Kaltuma alipofika, Sadik alimpa vipande vyote viwili bila kuinua macho. Mama alipitisha kidole penye samli.

"Ungeniuliza, ningekuambia uiache nje ya sanduku, ikiwa nzima."

"Ni kweli, mama."

"Sanduku alitengeneza nani?"

Hakuwahi kumtajia mteja jina la fundi. Siku hiyo alilitaja, na kibanda akakionyesha.

Kaltuma alilichukua sanduku, kipande amekifunga kwenye ncha ya leso. Siku hizi kina mama wa Kiorma wanaotaka masanduku huenda kwa Darmi moja kwa moja. Sadik anauza kamba, na hapiti tena njia ya kibandani kwa Darmi.