Kadzo na Mabawa Niliyoyashona

Mimi hushona kofia. Si za mashine, za mkono, zile ambazo mtu huvaa siku ya nikahi yake na akifa huachiwa mwanawe. Kwa miaka arubaini nimekaa barazani kwangu hapa Malindi nikishona, na hakuna aliyethubutu kunifundisha kushika sindano. Kwa hiyo Kadzo Mwambire aliponijia kutaka nimshonee ndege, nilimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, nikamwuliza kama amekula.

"Nimekula, Baba. Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Basi labda ni jua."

Hakucheka wala hakununa. Alinieleza tu kwamba ndege hiyo ni ya zamani, ya watu wawili, na mabawa yake ni mifupa iliyovishwa kitambaa. Kitambaa hicho hushonwa kwa mkono, fundo baada ya fundo, na yeye vidole vyake vimezoea spana. Alikuwa ameuliza mjini ni nani mwenye mkono mzuri kuliko wote, wakamtaja Farjallah, ndiye mimi. Hapo nikamkaribisha kahawa.

Ndege ilikuwa ya marehemu babake Swafwan, rubani kijana wa hapa mjini. Ililala miaka ishirini katika banda kule Kilifi, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Kila mtu alimwambia Swafwan aiuze kwa watu wa chuma chakavu. Kadzo peke yake ndiye aliyeizunguka, akaigongagonga, akasema itaruka.

Yeye ni mzaliwa wa Marereni. Babake alikuwa mtu wa pampu katika mashamba ya chumvi, na kule chumvi hula chuma usiku na mchana, kwa hiyo mtoto alikua akiona mashine zikifa na kufufuliwa. Alipomaliza shule akaenda Nairobi kusomea ndege, akapata leseni, akafanya kazi huko miaka mingi, kisha akarudi pwani. Hayo niliyapata kwake kwa kuyavuta kama meno, maana si msemaji.

Siku ya kwanza nilipoingia bandani mwake, alikoihamishia ndege, nilisimama mlangoni nikashindwa kuendelea. Injini nzima ilikuwa mezani, kipande kipande, juu ya shuka jeupe: silinda nne, pistoni, ringi, vali, hadi nati ndogo kama punje ya mchele, na kila kimoja kina kikaratasi chake. Kadzo alikuwa ameinamia shafti kuu kwa kioo cha kukuzia, akitafuta ufa ambao jicho la kawaida haliwezi kuuona.

"Ukiupata?" nikauliza.

"Naitupa."

"Na usipoupata?"

"Natafuta tena."

Nikavuta kigoda, nikakaa kumtazama. Miezi mitatu nilimwona akiirudisha injini ile pamoja. Kila bolti aliikaza kwa spana maalumu inayolia ikifika kipimo, kisha akaifunga kwa waya mwembamba uliosokotwa ili isilegee angani. Mimi najua kazi ya mkono nikiiona. Waya zile zilipangika sawa hata sehemu ambazo hakuna mtu angeziona tena. Na siku alipoiwasha mara ya kwanza, donge lile la chuma baridi likakohoa, likatoa moshi, kisha likanguruma mpaka mabati ya banda yakatetemeka na mimi nikajikuta nasema Subhanallah kwa sauti.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Kadzo alinipa uzi mnene na donge la nta ya nyuki, akaniagiza nipitishe uzi kwenye nta kabla ya kushona. Nikaona ananifanya mwanagenzi. Kwetu uzi mkaidi hupitishwa kwenye vidole vilivyopakwa mafuta ya nazi, ndivyo alivyonifundisha bibi yangu, na kofia zetu hazijafumuka. Nta ile nikaitia mfukoni. Nilishona mabawa yote mawili kwa wiki sita, mafuta ya nazi vidoleni, na mishono ikatoka mizuri mno. Kadzo aliisifu. Tukabandika juu yake tepu za kitambaa, tukapaka dawa ya kukaza, ikakauka, bawa likawa gumu kama ngoma.

Wiki mbili kabla ya mkaguzi wa ndege kuja kuipitisha, nilikuwa nalipapasa bawa nikijisifu moyoni. Ukucha ukagusa ukingo wa tepu. Tepu ikainuka. Nikaivuta kidogo, ikaachana na mshono kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na harufu ya nazi ikanijia puani: mafuta yangu yalikuwa yameizuia isishike.

Hakuna aliyeniona. Kadzo alikuwa upande wa pili akimwambia Swafwan kwamba siku ya kuruka yeye Kadzo atakaa kiti cha nyuma, aisikilize injini yake. Nilirudisha tepu mahali pake, nikaibana kwa kidole gumba, nikaenda kuswali adhuhuri. Sikumbuki nilisoma nini. Niliona tu upepo ukichambua bawa na mwanamke yule akiwa ndani.

Nikarudi, nikamwambia yote, hadi habari ya nta mfukoni.

Kadzo alifuta mikono. Akavuta tepu moja, akavuta ya pili, akaenda bawa la upande mwingine akavuta ya tatu. Nilingoja matusi. Ningeyapokea.

"Mabawa yote mawili, Baba?"

"Yote mawili."

Akanipa kisu. "Tukate."

Tulikata wiki sita zangu zikaanguka chini vipande vipande. Mkaguzi akaambiwa asije bado. Nikashona upya, kwa nta, na safari hii Kadzo alikaa kando yangu kila siku akiangalia kila fundo.

Mkaguzi, Bwana Musyoka, alipofika alifungua kitabu cha kumbukumbu za matengenezo ya ndege akasoma, akanyanyua macho. Kadzo alikuwa ameliandika kosa lote, na chini yake: *Nilimpa mshonaji nta, sikukaa kuangalia. Kosa ni langu.* Leseni yake ilikuwa hatarini kwa mstari ule mmoja, na jina langu halikuwemo. Bwana Musyoka alikagua mishono tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha akatia sahihi.

Asubuhi ya kuruka, Kadzo alipokuwa akijifunga mkanda, nilimsogelea dirishani. Swali nilikuwa nalo siku nyingi.

"Binti yangu, baada ya yale, kwa nini hukutafuta mshonaji mwingine?"

"Huyo mwingine simjui, Baba. Sijui akikosea atasema au atanyamaza," akasema. "Wewe nakujua."

Swafwan akawasha injini, ikashika mara moja. Walikimbia kiwanjani, wakainuka juu ya minazi, wakageuka kuelekea baharini, na mabawa yakawabeba. Nililia mbele za watu, na sikujali.