Mama Mapovu na Gurudumu la Mdogo Wake

Saa tatu na robo asubuhi, gurudumu la pikipiki linazamishwa polepole katika pipa la maji lililokatwa nusu. Mwanamke aliyelishika analizungusha kidogo, anatulia, kisha anainama mpaka pua yake inakaribia kugusa maji. Kwenye benchi wamekaa madereva watatu wa bodaboda. Wamenyamaza, kwa sababu wameshakaripiwa mara moja.

Kinatoka kipovu kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Kinapanda, kinapasuka. Kinafuata kingine.

"Spoku ya kumi na moja," anasema, na kuchora alama ya chaki kwenye rimu.

"Hicho nacho ni kipovu?" anauliza dereva mmoja. "Mbona hata samaki anapumua zaidi ya hapo!"

"Basi kapande samaki," anajibu bila kugeuka.

Ndiyo maana wanamwita Mama Mapovu. Ana miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na karakana ambayo watu wanne wakiingia, wa tano asubiri nje. Kazi yake ni kuyafanya magurudumu ya spoku yatumie matairi yasiyo na tyubu.

Rimu ya aina hiyo ina matundu thelathini na sita, moja kwa kila spoku, na upepo hutoroka humo. Kwa hiyo huwekwa tyubu. Lakini tyubu ikikutana na msumari huishiwa upepo ghafla, na dereva hubaki kando ya barabara akifungua gurudumu zima. Tairi lisilo na tyubu hupungua taratibu, na tundu lake huzibwa kwa kipande cha mpira, safari ikaendelea.

Mama Mapovu hunyoosha rimu kwanza. Kisha husugua kutu, hupaka gundi kila kichwa cha spoku, husubiri siku mbili ikauke, huzungushia utepe, hufunga vali mpya, na mwisho ni maji. Rimu ambayo kingo zake haziwezi kulishika tairi huirudisha kwa mwenyewe, hata alalamike vipi. Glovu anazo. Zinaning'inia msumarini, safi kama siku aliyozinunua, na vidole vyake vimechubuka vyote.

Wiki nzuri humpa magurudumu sita, wiki mbaya mawili. Gundi nayo imepanda bei karibu mara mbili tangu mwaka jana.

Kunyoosha alifundishwa na baba yake, fundi wa baiskeli. "Alikuwa ananifunga macho na leso, ananiambia nizigonge spoku nisikilize," anasema. "Iliyokaza inalia vizuri. Iliyolegea inalia kama mtu mwenye mafua."

Haya ya kuondoa tyubu alijifunza mwenyewe, na funzo lake la kwanza lilimwumiza mtu.

Miaka mitatu iliyopita alilitengeneza gurudumu la mdogo wake, dereva wa bodaboda. Akapaka gundi kabla ya kunyoosha. "Nilivaa nguo kabla ya kuoga," anasema. Baada ya wiki mdogo wake akarudi, gurudumu linacheza. Dada akakaza spoku nne, akamwambia nenda. Vichwa vya spoku vilipozunguka, gundi ilichanika kwa ndani. Hakulitia kwenye maji tena.

Kesho yake tairi likaishiwa upepo kwenye kona. Mdogo mtu akaanguka, akavunjika mfupa wa mtulinga, akakaa nyumbani miezi miwili na mke na watoto wawili wanamtazama.

Hakumtukana dada yake. Alirudisha tyubu, basi.

"Alinisamehe kwa mdomo," anasema Mama Mapovu. "Gurudumu hakuniletea."

Gurudumu lililo kwenye pipa asubuhi hii ni la huyo mdogo wake. Ndiye aliyeketi mwisho wa benchi, amekunja mikono. Mwezi uliopita tyubu zilimpasukia mara nne, akasalimu amri. Ameleta la nyuma tu.

"Dada," anasema sasa, "si upake gundi kidogo kwa nje hapo? Kesho nina abiria wa mbali."

Mama Mapovu anakitazama kipovu. Gundi ya nje ingekiua. Mdogo wake angeondoka akicheka, na pengine ingeshika wiki mbili, pengine tatu.

Analiweka gurudumu chini, anachukua vyuma vya kufungulia tairi, na kulitoa. Anabandua utepe. Anaanza kukwangua gundi, si ya spoku ya kumi na moja peke yake, ni zote thelathini na sita.

"Siku mbili nyingine," anasema. Benchi zima linaguna.

"Abiria wangu je?"

"Mpe mwenzako ambebe. Abiria hachachi."

Mdogo wake anainuka. Anaonekana kama mtu anayetaka kuondoka. Badala yake anaokota kikwangulio cha pili, anachuchumaa upande wa pili wa rimu. Wanakwangua pamoja, mpaka mdogo mtu anauliza swali ambalo hajawahi kuliuliza kwa miaka mitatu.

"Ile siku ulikuwa unaharakia nini?"

"Wewe. Ulisimama hapo mlangoni unapiga honi."

"Mimi?"

"Wewe. Lakini ufunguo wa spoku ulikuwa mkononi mwangu. Honi haikazi spoku."

"Kweli haikazi," anasema yule, na kuendelea kukwangua. "Na hapa umeruka, dada. Macho yameanza kuzeeka."

"Kwangua, acha maneno."

Siku ya tatu gurudumu linarudi kwenye maji. Mama Mapovu anahesabu mpaka mia mbili kwa sauti. Maji yametulia tuli. Mdogo wake anamwambia ahesabu tena, naye anahesabu tena.

Kuanzia mwezi ujao Mama Mapovu anataka kuwaita mafundi wa pancha wa barabara ile, Jumapili mchana, awafundishe bure. Wengi wameshaanza kuiga kazi hii, na anaona wanapaka gundi kwenye rimu zilizopinda. "Nataka nianze na kosa langu," anasema. "Ila mfupa ni wa mtu. Lazima nimwombe mwenyewe."

Anamwomba hapo hapo, mdogo wake akiwa amepiga goti anakaza nati ya nyuma.

"Nitakuja mwenyewe," anajibu bila kuinua kichwa. "Ukisimulia peke yako watadhani unawatisha."

Anamaliza kukaza. Anahama na spana yake mpaka upande wa mbele wa pikipiki, na kuanza kulegeza nati ya gurudumu la huko.