Loveday Kwenye Dohani

Loveday Tresize alifika huku koloni kwa meli kutoka ng'ambo, na mume, binti mmoja na sanduku la mbao. Kabla ya mwaka kwisha, homa ya matumbo ilimchukua binti. Sandukuni ikabaki kofia yake ya kitambaa.

Sisi familia za wachimba shaba tuliishi ukingoni mwa kijito, katika vyumba tulivyovichimba wenyewe ardhini. Aliyepita juu aliona dohani tu, zikifuka moshi. Mbuzi wetu alikuwa na tabia ya kutembea juu ya paa la Loveday, udongo ukimwangukia binti yule alipokuwa mgonjwa kitandani. Loveday alipokuja kulalamika, mama yangu, Jenifer, alimjibu, "Mbuzi hajui kama kuna mgonjwa." Mtoto akafa wiki ile ile. Kwa miaka miwili wanawake hao wawili walipishana njiani kimya.

Asubuhi moja ya Juni, wanaume wakiwa mgodini, Loveday alikuwa juu ukingoni akianika nguo. Kwetu jua liliwaka, lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Aliona maji mekundu yakija na mti mzima. Mlango wake ulikuwa hatua kumi tu. Akaupa mgongo, akakimbia dohani hadi dohani, akiita watu waliokuwa chini.

Tulisikia sauti yake katika moshi wetu.

"Jenifer, maji yanakuja. Tokeni."

Mama hakuinua hata kichwa. "Miaka miwili huna salamu, leo unakuja kunisalimia dohanini?"

"Utanitukana baadaye. Mtoe mama mkwe wako."

Hapo maji yakaingia mlangoni, yakazima moto. Bibi hakuweza kutembea. Tulimfunga kwa blanketi, mimi na mama tukamsukuma kutoka chini kupitia dohani, Loveday amelala kifudifudi juu akimvuta.

"Taratibu, mimi si gunia la viazi," bibi akalalamika.

"Gunia lingenyamaza, bibi," Loveday akamjibu.

Tulipona wote isipokuwa jirani yetu mzee Hosken, aliyerudi kuchukua viatu. Nyumba ya Loveday ilibomoka, sanduku likaenda na maji.

Siku tatu alipekua matope. Siku ya pili mama alikunja mikono ya gauni, akaingia matopeni kando yake bila kuitwa. Kofia hawakuiona.

"Habari ya yule mbuzi," mama alisema, "nilikosa."

"Najua," Loveday akajibu, akaendelea kupekua.

Baadaye tulihamia nyumba za mawe, Loveday na mama wakapakana ukuta kwa ukuta. Loveday alikufa akiwa na miaka sitini na tatu, na mama ndiye aliyemwosha. Tulitaka kumzika karibu na bintiye, ila msalaba wa mtoto ulikuwa umeoza zamani, na hakuna aliyejua kaburi lilipo. Mama akatupeleka moja kwa moja hadi pale. Siku alipozikwa mtoto yule, alituambia, alisimama nyuma ya ua wa makaburi akitazama, hakuthubutu kusogea.