Picha ya Lyndon Iliyokatwa Chini

Justina Harder hakuwa mtu wa maneno. Nimefanya naye kazi jikoni katika chuo chetu cha Biblia, huku Manitoba kusini, Kanada, tangu nilipofika kutoka Bukavu nikiwa sijui hata kufunga buti za theluji, na sijawahi kumsikia akimsengenya mtu. Alikanda unga kana kwamba anaukomesha, akapanga mikate yake midogo miwili miwili, mmoja juu ya mwingine, wanafunzi wakala mpaka wakasinzia ibadani. Mwenye mdomo ni mimi. Alikuwa akiniambia, "Faida, meza kwanza, ndipo useme."

Donda lake lilikuwa Lyndon, mwanawe wa pekee. Kijana alianza kunywa, wazee wa kanisa wakamtenga na ushirika, baba yake akamwambia asikanyage nyumbani mpaka atubu. Baba mwenyewe akafa bila kumwona tena. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, Justina aliendesha gari hadi Winnipeg, akazunguka kwenye nyumba wanamolala wasio na makao, akiuliza. Hakuna aliyemjua. Akirudi alifunga aproni, akanawa mikono, basi. Alichotaka duniani ni kujua mwanawe yuko wapi, hakuna kingine.

Sasa, huyu mwanafunzi, Jarrod Toews. Mtoto mzuri, sitaki kumpaka matope, ila ana papara. Ilikuwa zamu yake kuhubiri ibada ya Alhamisi, ambayo sisi wa jikoni huisikiliza kutoka benchi la nyuma, aproni zikiwa bado viunoni. Somo lilikuwa uvivu. Siku hizi mwanafunzi hahubiri bila skrini, kila hoja na picha yake. Akabonyeza, akatokea mwanamume amejiegemeza ukutani, macho ameyafumba, theluji imegandia kwenye ndevu, na kifuani mwake aya ya mvivu na usingizi wake kwa herufi za njano. Wanafunzi wakacheka.

Justina akasimama. "Huyo ni Lyndon," akasema, kwa sauti ile ile anayoagizia viazi.

Kicheko kikakatika. Jarrod akabonyeza haraka picha iondoke.

"Irudishe," Justina akamwambia.

Akairudisha. Mama wa watu akatembea mpaka mbele, akasimama chini ya uso wa mwanawe uliojaa ukuta mzima, akautazama.

Baada ya ibada mwalimu Klippenstein, anayewafundisha kuhubiri, alianza kuomba radhi. Justina hakuwa na haja nazo. Alimgeukia Jarrod.

"Picha umeitoa wapi?"

"Mtandaoni tu, mama."

"Mtandaoni wapi?"

"Niliandika 'mtu mvivu', zikaja nyingi. Nikachukua hiyo."

"Haikuwa na maneno?"

Jarrod akatazama viatu vyake. "Yalikuwepo chini, madogo madogo. Yalikuwa yananiharibia picha. Nikayakata."

"Yalisemaje?"

"Sikuyasoma."

"Si niliwaambia kila picha muandike imetoka wapi?" Klippenstein akauliza.

"Ulituambia, mwalimu. Nilikuwa nimebanwa na muda."

Nilitaka kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Hayo ya kuandika imetoka wapi ni ya mwalimu na maksi zake. Mimi kilichonichoma ni kwamba mtoto huyu, anayesomea uchungaji, alimwona mtu amelala kwenye barafu, na swali pekee lililomjia ni kama herufi zitasomeka.

Tulikwenda kwenye kompyuta ya maktaba, Jarrod akatafuta, mimi na Justina tumesimama nyuma yake. Picha ilikuwa imezagaa kwenye kurasa za makanisa. Kanisa hili limeibandika aya ya ulevi, lile aya ya mwana mpotevu, jingine tangazo la kukusanya makoti. Walimnakili Lyndon wao kwa wao, na wote walikuwa wamekata chini. Kanisa mojawapo ni la majirani zetu kabisa, tunaowapelekea supu ya kabichi wakifiwa. Wao waliiweka mwaka juzi. Watu wanaoimba jinsi wanavyopenda roho zilizopotea, na hii roho hawakuiuliza hata jina. Justina alisoma kila aya, midomo ikicheza, bila kutoa sauti.

Mwishowe ikapatikana nzima, kwenye ukurasa wa mpiga picha mmoja. Chini pameandikwa: Lyndon Harder, Edmonton. Amekubali kupigwa picha kwa sharti jina lake liandikwe, ili nyumbani wakiiona wajue alipo.

Edmonton, mji wa mbali magharibi. Na mama yake miaka yote anaulizia Winnipeg.

Alipiga simu mwenyewe, akaiacha mezani na sauti imefunguliwa, sote tukasikia. Mpiga picha alikuwa mwanamke.

"Wewe ni nani wake?" akauliza.

"Mama yake."

"Pole sana, mama. Lyndon alifariki Februari hii iliyopita, kwa ugonjwa wa mapafu. Halmashauri ya mji ndiyo iliyomzika. Nilikuwa nikienda kumwona hospitali. Kila mara aliniuliza kama kuna mtu ameulizia ile picha."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia bado."

Justina alishukuru, akakata simu. Jarrod alikuwa analia kwa kwikwi. Mwaka juzi uso wa Lyndon ulikuwa kwenye ukurasa wa majirani zetu, naye alikuwa hai, anangoja.

Kwetu huku haifanyiki ibada ya msiba bila picha za marehemu kupita kwenye skrini. Jarrod aliomba aziandae yeye, na Justina akamkubalia, jambo ambalo mimi nisingelikubali hata kwa dawa. Akamwambia aweke ile ile moja, nzima. Mchungaji akaja jikoni kumuuliza, kwa upole wake wote, "Dada Justina, tuiwekee aya gani?"

"Aya amewekewa za kutosha," Justina akasema. "Andikeni jina."

Likaandikwa kubwa. Kanisa zima likalisoma, wakati lilikuwa halimsaidii tena mtu yeyote.